Ni Meno ya Maziwa Tu

Sikuwa na nia ya kugombana na mtu siku ile. Nilikuwa Guangzhou, kule China, kwa shughuli zangu, nikinunua viti na taa za kliniki, na Bi Zuhura aliposikia kwamba nimo mjini akanipigia simu. "Saada mwanangu, nafunga mgahawa. Narudi nyumbani moja kwa moja. Njoo Jumapili mchana tule pamoja, wa zamani wote watakuwepo." Nikaenda. Ngazi za jengo lile la mtaa wa Xiaobei bado zinanuka mafuta ya kukaangia na maboksi mapya, na mgahawa wenyewe haukuwa umebadilika ila mapazia. Meza zilikuwa zimeunganishwa, pilau imepakuliwa kwenye masinia, na katikati pamewekwa samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi kama wapikavyo wenyeji. Tulikula, tukacheka, tukaulizana nani kaoa, nani kafilisika, nani katangulia mbele ya haki. Penye kiti cha heshima alikaa Mzee Kassimu, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, kanzu yake imenyooshwa ikanyooka, fimbo kaiegemeza ukutani. Kando yake alikaa mwanamke kijana aliyevaa mtandio wa kijani, na alipoinama kumwekea mzee nyama kwenye sahani niliona kovu chini ya taya lake la kulia. Nililijua kovu lile kabla sijaujua uso. "Huyu Nasra," Mzee Kassimu akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza nzima, akimpapasa bega, "nilimbeba mimi mwenyewe, kwa mikono hii, mpaka hospitali. Alikuwa anakufa huyu." Watu wakasema mashaallah. Nasra akatabasamu, mdomo kaufumba. Mimi nikaweka kijiko chini.

Nina umri wa kutosha sasa kujua kwamba hasira haimpendezi mtu mwenye mvi. Wenzangu huniambia kwamba daktari wa watoto anapaswa kuwa mpole, nami ni mpole, muulize mtoto yeyote aliyekaa kwenye kiti changu. Lakini upole wangu ni kwa watoto. Kwa wakubwa nimebaki na hasira ya mwaka mmoja tu wa ujana wangu, nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno katika mji ule, na sitaki kuiponya.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa Bi Zuhura. Alikuwa amekodi nyumba mbili zinazopakana na kuvunja ukuta wa katikati. Mbele ulikuwa mgahawa, nyuma jiko, na kule ndani kabisa chumba kirefu kilichotengwa na kugawanywa kwa mbao nyembamba. Upande mmoja nililala mimi na wasichana wa jikoni, upande wa pili walilala watoto. Sikulipa kodi, malipo yangu yalikuwa kuwasomesha watoto wale kila nikitoka chuoni. Walikuwa watoto wa kina mama wafanyabiashara wa kwetu, wa Dar, wa Unguja, wa Morogoro, waliokuja na mama zao kwa sababu hapakuwa na wa kuwaachia. Mama huondoka alfajiri kwenda Shahe kufuata nguo za bei ya chini, maana soko lile huamka kabla ya jua, kisha hupitia maduka ya jumla ya Barabara ya Zhanqian, na hurudi jioni na mifuko mabegani, miguu imevimba. Mchana kutwa watoto walikuwa wetu. Hakuna shule iliyowapokea, wala hawakuwa na uwanja wa kucheza. Walicheza juu ya mabelo ya mizigo, wakajificha nyuma yake, wakalala usingizi wa mchana juu yake, na ile sauti ya gundi ya karatasi ikivutwa kufunga maboksi ndiyo iliyokuwa wimbo wao wa kubembelezwa.

Mle chumbani mwa watoto, kuanzia sakafuni mpaka karibu na dari, yalipangwa maboksi ya Mzee Kassimu. Alikuwa wakala wa makontena na muuzaji mkubwa wa pipi na biskuti kwenda kwetu, na sampuli zote ambazo viwanda vilimletea alizihifadhi pale kwa sababu ofisi yake ilijaa. Kila jioni baada ya sala alikuja kula, na kabla ya kunawa mikono alifungua boksi moja na kugawa. Kulikuwa na pipi za maziwa, pipi za kunata, pipi za kijiti zenye unga mkali ndani. Watoto walimkimbilia wakiimba "Laoban Pipi! Laoban Pipi!" Laoban ndivyo wenyeji wanavyomwita bosi, nasi sote tulikuwa tumeliazima neno hilo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sisemi alikuwa mtu mbaya jioni zile. Aliwapenda watoto kwelikweli, kama mtu anavyompenda yeyote anayemshangilia. Na watoto wadogo waliokuwa wakisumbua kulala walipewa chupa ya maziwa mazito ya kopo yaliyochanganywa na maji ya moto, wakanyonya mpaka wakasinzia nayo mdomoni. Asubuhi nilizitoa chupa vinywani mwao. Meno ya mbele ya baadhi yao yalikuwa yamelika mpaka kwenye ufizi, yamebaki vipande vya rangi ya kahawia kama mbegu za ukwaju.

Kupitia mbao zile nyembamba nilisikia mazungumzo yote ya jikoni na mgahawani. Nilisikia mama mmoja akisema, "Mwanangu hatafuni tena upande huu." Na mwenzake akamjibu huku akimenya kitunguu, "Usijitie wazimu, ni meno ya maziwa tu, yatang'oka." Na Mzee Kassimu akamalizia kwa sauti ya mtu aliyekwishashiba, "Mimi nimekula miwa utoto wangu wote, na haya hapa, tazameni, mazima." Wakacheka. Neno lile, meno ya maziwa tu, nililisikia mwaka ule mara nyingi kuliko jina langu. Hata leo mzazi akiniambia hivyo kliniki huwa nashusha pumzi kwanza kabla ya kumjibu.

Mchana nilikuwa kwenye hospitali ya kufundishia, idara ya meno ya watoto. Mwalimu wangu alikuwa Daktari Liang, mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti kavu, asiyependa wanafunzi wanaoegemea ukuta. Kule niliwaona watoto wa shule za mtaani wakiletwa na walimu wao kwa mstari, kofia za njano kichwani, wanapanda kitini mmoja mmoja. Wadogo walipakwa floraidi, dawa nzito kama asali ambayo unaipitisha kwa brashi juu ya jino lililokaushwa, ikagandia pale na kulikaza jino lisilike. Wale wa miaka sita, saba, nane, waliangaliwa magego ya nyuma, na kama yalikuwa mazima yalisafishwa, yakakaushwa, yakamiminiwa utando wa kuziba ile mifereji myembamba ya juu ambamo chakula hujificha na brashi haifiki. Hakukuwa na sindano, hakuna aliyelia. Mtoto alishuka, akapewa kikaratasi cha nyota, akaenda zake. Nilisimama nikitazama na nikajikuta nina wivu mkali kama wa mtu anayetazama nyumba ya jirani ina maji na kwake bomba limekauka.

Daktari Liang aliniona. "Una nini?" akaniuliza. Nikamweleza kuhusu watoto wa chumba kile. Hakuonyesha huruma, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema tu, "Jumapili niko nyumbani. Waambie wazazi wao. Wanaokubali, nitawaangalia." Na Jumapili alikuja kweli, kapanda ngazi zetu na mkoba wa vifaa na taa ya kuvaa kichwani. Bi Zuhura alimpikia chapati na mchuzi wa kuku. Akala chapati bila mchuzi, akaomba nyingine. Kisha tukawalaza watoto kwenye meza ya mgahawa karibu na dirisha, yeye akitazama na mimi nikishika mashavu na kutafsiri. Kina mama walisimama nyuma yetu, wengine wanacheka kwa aibu, wengine wanauliza maswali ya maana. Tuliwapaka floraidi wote ambao mama zao walikubali.

Nasra alikuwa na miaka saba. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, mwenye kujua majina ya stesheni za treni ya chini kwa mpangilio, na ndiye aliyewafundisha wenzake Kichina cha kukataa bei. Mama yake, tuliyemwita Mama Nasra, alinunua mikoba kule Shiling, mji wa ngozi ulio nje kidogo, akawa huko siku mbili tatu kila safari. Daktari Liang alipomulika ndani aliniita nitazame. Nyuma kabisa ya meno ya maziwa, chini, kila upande, lilikuwa limeota gego jipya. Gego hilo huja kimya, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na ndiyo maana wazazi hulihesabu miongoni mwa ya maziwa. Wanajidanganya, kwa kuwa hilo ni la maisha, likifa halina mrithi. La kushoto lilikuwa zima. La kulia lilikuwa na kishimo cheusi katikati, kidogo, lakini Daktari Liang alipokigusa kwa ncha ya chuma Nasra alishtuka. "Hili lizibwe wiki hii," akasema. "Na lile la kushoto liwekewe utando kabla halijafuata." Nikamfasiria Mama Nasra neno kwa neno. Akaniambia, "Nitampeleka, Saada. Nikirudi kutoka Shiling." Nilimwamini, na nafikiri hata yeye aliyaamini maneno yake.

Jioni ile Mzee Kassimu alikuja kama kawaida, akafungua boksi. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa kijana. Nikamwambia mbele ya watu, kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Leo tusiwape pipi. Wamepakwa dawa, wasile vitu vigumu mpaka kesho. Na hata baadaye, kama ingewezekana, iwe siku moja kwa wiki, baada ya chakula." Aliangalia boksi, akaniangalia mimi, kisha akamgeukia Bi Zuhura kana kwamba kiti kimesema. "Huyu binti anasemaje?" Kesho yake asubuhi watoto waliamka na meno yana unjano. Floraidi ile huacha rangi kidogo kwa siku moja, nasi tulikuwa tumewaeleza kina mama, lakini waliosikia walikuwa wamekwenda Shahe na ambao hawakuwepo ndio waliopiga kelele. Kufikia mchana habari ilikuwa imezunguka Xiaobei yote, eti kuna mwanafunzi anawapaka watoto wetu rangi za majaribio za Wachina. Eti inaua kizazi. Mtu akaniuliza kama ina pombe, nami nikasema ukweli, kwamba ndani yake mna spiriti kidogo ya kuifanya ikauke, na hiyo huruka hewani. Ilitosha. Jioni yake Mzee Kassimu aliitisha kikao palepale mgahawani.

Nakumbuka kikao kile kwa harufu ya supu ya ng'ombe iliyokuwa jikoni na hakuna aliyethubutu kuipakua. Mzee Kassimu alizungumza kwa upole, kwa methali, kwa kumtaja Mungu. Akasema sisi tuko ugenini, tuna adui wengi, na hatuwezi kumruhusu mtoto asiyezaa atuletee watu wa serikali ndani ya nyumba kwa kisingizio cha meno. "Meno ya maziwa!" akasema, akafungua mikono, na watu wakacheka kwa kupata nafuu. Nikasema gego la Nasra si la maziwa. Nikajaribu kueleza. Mtu mmoja akanikata: "Kaa chini, Daktari." Alilitamka neno daktari kama mtu anayetema kokwa. Mama Nasra alikuwa amekaa karibu na mlango, kamshika mwanawe mapajani, na niliyatafuta macho yake. Aliyainamisha. Sikuelewa wakati ule. Baadaye, kupitia mbao zilezile, nilimsikia akimwambia Bi Zuhura kwamba pasi yake na ya mtoto ziko kwa Mzee Kassimu, kampa azishughulikie viza, na viza zimekwisha, na kila akimwuliza anaambiwa subiri. Na Bi Zuhura akajibu kwa sauti ya chini, "Hata mimi, mwenzangu. Nyumba hii imeandikwa kwa jina la kampuni yake. Tufanyeje?" Siku ya pili Bi Zuhura aliniambia nisilete tena vifaa vya hospitali pale. Alilia aliposema hivyo. Mimi sikulia. Nilijifunza siku ile kwamba mtu mwenye makaratasi yako anaweza kukuambia hata jino lako ni la rangi gani, nawe ukaitikia.

Kwa hiyo maboksi yakaendelea kufunguliwa. Mimi nikaendelea kuwasugua watoto meno asubuhi na jioni, nikiwashika vidole na kuimba nao, nikimwaga zile chupa za maziwa mazito kwenye sinki kila nilipoweza na kujaza maji. Mama Nasra alirudi kutoka Shiling, akaenda tena, akarudi tena. Msimu wa mvua ukapita, joto likaja. Nasra akaacha kutafuna upande wa kulia. Akawa anakula uji wa mchele ambao wasichana wa jikoni walimnunulia chini, akiuvuta kwa upande mmoja wa mdomo. Nilimwomba mama yake, nikamwambia nitampeleka mimi mwenyewe, kliniki yoyote ndogo, hawataki pasi. Akasema, "Mzee amesema wiki ijayo viza ziko tayari. Acha kwanza." Wakamwekea karafuu. Karafuu ilituliza, na kutulia kukawapa wakubwa wote ruhusa ya kusahau.

Jumamosi moja, mama yake yuko Shiling, nilirudi kutoka chuoni mchana na kumkuta Nasra kalala juu ya mabelo, uso kaugeuzia ukutani. Nilipomgeuza nilimsahau Mungu kwa sekunde moja. Chini ya taya la kulia palikuwa pamevimba mpaka shingoni, ngozi imevutika inang'aa, ina moto. Mate yalimtiririka kwa kuwa hawezi kumeza. Nilipomwita alijibu kama aliyejaza ugali mdomoni, ulimi umeinuliwa na uvimbe ulioshuka chini yake. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule kitabuni. Nilijua uvimbe huo unakwenda wapi. Unakwenda kwenye njia ya pumzi. Nilimpigia mama yake simu, haikupatikana. Nikamwinua mtoto.

Mzee Kassimu alikuwa mgahawani anakunywa chai na wageni. Aliinuka kitini. "Unampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Wataomba pasi. Viza imekwisha. Unajua watakachofanya? Watakuja hapa, watatuchukua sote. Ngoja mama yake arudi kesho."

"Kesho atakuwa amekufa."

"Kwa jino?" Alicheka kidogo, akawatazama wageni wake ili wacheke naye. "Tangu lini mtu akafa kwa jino? Zuhura, funga mlango."

Bi Zuhura alikuwa kasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nilidhani ataufunga. Badala yake alivua khanga yake ya begani, akamfunika Nasra, na akasogea. Nikapita. Kwenye ngazi nilisikia mzee akiniita kwa jina langu lote, na nikaendelea kushuka. Teksi ya kwanza ilitupita, ya pili dereva alimwona mtoto akatikisa kichwa, ya tatu nilisimama mbele yake barabarani mpaka akafunga breki na kunitukana, kisha akaangalia nilichobeba na kufungua mlango mwenyewe.

Daktari Liang aliitwa kutoka nyumbani. Walimtia Nasra dripu ya dawa, wakampasua chini ya taya, na usaha uliotoka sitausimulia. Gego lile, gego la maisha la mtoto wa miaka saba, lilitolewa likiwa limeoza mpaka kwenye mizizi. Nilishika bakuli. Daktari Liang alilitazama jino, akaliweka kwenye chombo kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akaenda kunawa. Baada ya siku kadhaa, homa iliposhuka na mtoto alipoweza kufungua mdomo vizuri, aliniita, akanipa vifaa, akasimama nyuma yangu. Gego la kushoto bado lilikuwa zima. Nililisafisha, nikalikausha, nikaliwekea utando. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilipomaliza nilitaka kwenda Xiaobei kuwaonyesha. Ni hiki tu. Ni hiki tu mlichokataa.

Mzee Kassimu alikuwa na haki kuhusu jambo moja. Hospitali iliuliza pasi, na baada ya hospitali wakauliza watu wa uhamiaji. Mama Nasra na mwanawe waliamriwa kuondoka nchini na kutorudi kwa miaka. Mzigo wake wa mikoba ulibaki Shiling. Nilikwenda kuwaaga, na wodini pale, mbele ya mtoto mwenye bandeji, Mama Nasra aliniambia, "Umeniua, Saada. Mungu akulipe kwa ulichonifanyia." Hakumlaani mtu mwingine. Hakumlaani mwenye kuzikalia pasi zao. Bi Zuhura alinifungashia vitu vyangu akaviacha chini kwa mlinzi, na juu yake chapati zilizofungwa kwa taulo. Nilihamia bweni la chuo, na watu wa kwetu walionikuta barabarani walivuka upande wa pili. Ndivyo nilivyomaliza mwaka ule, na ndivyo nilivyoamua nitakuwa daktari wa nini.

Sasa nirudi mezani. Mzee Kassimu alikuwa bado analipapasa bega la Nasra, watu bado wanasema mashaallah, na mimi nimeweka kijiko chini. Nikasema, "Mzee Kassimu, hukumbeba." Sikupaza sauti. Akanitazama kwa muda, akanitambua, akacheka. "Ah, Daktari. Mambo ya zamani hayo. Sote tulisaidia."

"Wewe uliamuru mlango ufungwe."

"Saada," mtu mmoja akasema, "mzee huyu, mtu mzima." Na mwingine, "Leo siku ya kuagana, jamani." Nilijua nimebaki peke yangu tena, kama kikaoni. Ndipo Bi Zuhura, aliyekuwa ameshika jagi la maji, alipoliweka juu ya meza. "Saada ndiye aliyembeba," akasema. "Mimi nilikuwa mlangoni. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Mzee, uliniambia funga." Mzee Kassimu akamgeukia. "Zuhura, hata wewe?" Akamjibu, "Hata mimi. Nyumba nimekwisha kurudisha. Nilikuwa nakuogopa kwa ajili ya nyumba." Mzee alitafuta fimbo yake ukutani, haikuwepo, ilikuwa imeanguka chini, na hakuna aliyeinama kuiokota. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Sikumwonea.

Nasra aliinuka na kutoka. Nikamfuata kwenye kibaraza cha ngazi, penye dirisha. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa kwangu mimi. "Mama amekufa akimwombea dua yule mzee," akasema. "Ndiye aliyemrudisha huku, ndiye aliyempa mtaji. Aliniambia ni yeye aliyenibeba. Mama alikuwa anajua?"

Ningeweza kusema hapana. "Alikuwa anajua."

"Sasa unataka nini, shangazi? Nimchukie mama yangu? Nikushukuru wewe?"

"Usinishukuru. Na mama yako usimchukie. Alishikiwa pasi, akashikiwa na kila kitu. Lakini mimi siwezi kukaa meza moja na uongo ule nikala. Hilo tu."

Alilia kwa muda bila kujifuta. Mlango ukafunguka nyuma yetu na akatoka msichana mdogo mwenye mabutu mawili ya nywele, akamshika mama yake nguo, akinitazama kwa jicho la kuuliza kama ni mimi niliyemliza mama yake. Nikauliza ana umri gani. "Sita," Nasra akasema, na kisha akajipangusa uso na kuuliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mama yeyote anayekuja kwangu, "Lile jino la nyuma, ambalo huota bila lingine kung'oka, limeanza kumtoka. Ni mapema mno kuliziba?"

"Si mapema. Likiisha kutoka lote." Nikachuchumaa, nikawasha taa ya simu. "Jina lako nani, mama? Rahma? Rahma, fungua mdomo nione." Alifungua, kwa shaka. Lilikuwepo, nusu ndani ya ufizi nusu nje, jeupe, na mifereji yake safi. Nikapitisha ncha ya kidole taratibu kulipapasa, na Rahma, aliyekuwa hajanisamehe kwa machozi ya mama yake, akaniuma kwa nguvu zake zote.